Hapa ni Mimi, Mimi, Mimi

Kama una shemeji, ndugu yangu, vuta kigoda tukae. Kama huna, kaa vilevile. Utampata tu, hawa huja bila kuombwa.

Wa kwangu alikuja Jumanne alfajiri juu ya lori la saruji, amekaa ndani ya boti. Sitegi kitendawili. Boti nzima ya faiba, nyeupe, mita tano na nusu, ilishushwa na vijana wanane uani kwetu Makanyagio, hapa Mpanda, ikabana mlango wa choo mpaka leo tunaingia kiubavu. Kwa asiyeijua Mpanda, huu ni mji wa reli, mchele na wachimba dhahabu. Maji ya kuelea boti hatuna. Ukiyataka, shuka Karema, Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita 100 za vumbi. Ilipogonga saa mbili asubuhi jirani wa kwanza alikuwa ameshauliza kama wanyama wataingia wawili wawili.

Mke wangu alitoka, akaitazama boti, akanitazama mimi. Kosa likawa langu. Nimezoea. Kaka mtu akivunja kikombe, mimi ndiye ninayeulizwa kwa nini nilikiweka pale.

Ngoja kwanza niwatambulishe wenyeji. Mke wangu namwita Spika, kwa sababu nyumbani kwetu hasemi mtu mpaka apewe nafasi, na mimi ni mbunge wa viti vya nyuma. Mama yake, Mbende wa Karema, alikuja mwaka juzi kwa wiki mbili kutibiwa goti. Goti lilipona, wiki mbili hazijaisha. Huyo ni RTD, kwa jina la Radio Tanzania Dar es Salaam ya enzi zile: hufungua matangazo kabla ya jogoo, huyafunga usiku wa manane, na habari zake ni za mikoa yote. Jina analijua, na analipenda. Binti yetu wa kidato cha tatu ni Wakili, haamini neno mpaka alione limeandikwa. Mdogo wake wa miaka sita ni Kifurushi, maana ukimjaza asubuhi, saa nne ameisha. Na shemeji ndiye Kapteni. Hajawahi kuwa kapteni wa chochote. Alikaa Dar es Salaam miaka tisa akiosha na kuendesha boti ya kutembelea ya tajiri mmoja Mmarekani, na tajiri alipofunga virago huku mishahara ya miezi kadhaa haijalipwa, alilipa kwa boti.

Ndani ya boti mlikuwa na sanduku, na ndani ya sanduku redio mbili za upepo, za njano, zile za mkononi. Kapteni alizifunua kama mtu anayefunua mtoto mchanga. "Shem," akaniambia, "hizi hata zikianguka majini zinaelea." Nikamwambia hapa kwetu zikianguka, zitaangukia kinyesi cha kuku. Hakunisikia.

Basi kwa kuwa boti haikuwa na ziwa, redio zikatafutiwa kazi. Moja akapewa Spika aende nayo sokoni kwenye meza yake ya mchele, nyingine akaachiwa RTD chumbani. Kapteni akaziweka zote chaneli 16. Na hapa lazima nikueleze jinsi zinavyofanya kazi, maana msiba wangu umo humo. Redio hizi si simu. Ukibonyeza kitufe unasema, ukikiachia unasikia. Ukiwa umebonyeza husikii mtu, na wengine walio jirani kwenye chaneli hiyo hawana pa kupenya. Mama mkwe wangu, baada ya miaka sabini na moja hapa duniani ya kukatizwa na watu, akakabidhiwa chombo ambacho akikibonyeza hakuna binadamu anayeweza kumjibu. Alikibonyeza saa tatu asubuhi. Betri ilikufa saa saba mchana.

Betri iliporudi, utawala ukapata mawasiliano. Nikirudi shuleni, sijavua hata viatu, inasikika kutoka sokoni: "Nyumbani, nyumbani, maharage yapo motoni? Ova." Na RTD, ambaye angeweza kunyoosha shingo tu dirishani, anajibu kwa redio: "Mkwe ameingia sasa hivi. Amekaa. Ova." Niambie, mwenzangu, ni nani aliyeoa akapelelezwa kwa chaneli ya kimataifa ya kuokolea meli?

Maana hiyo ndiyo chaneli 16. Aliyetufumbua macho ni Wakili. Alikuta kitabu cha maelekezo chini ya sanduku, akakisoma kurasa zote, hata zile ambazo hata aliyekiandika nadhani hakuzirudia. Jioni tukiwa mezani akasema kwa sauti ya upole, ile ninayoiogopa: "Baba, sisi humu ndani tunavunja sheria."

Akaeleza. Redio ya namna hii ni ya vyombo vya majini, haipaswi kutumika nchi kavu kuulizia maharage. Masafa hayana mpaka kama shamba la mihogo. Ukisema wewe, unamziba mwingine, na ndiyo maana mataifa yalikaa pamoja tangu zamani, kwenye Shirika la Mawasiliano la Kimataifa lililoanzia Paris mwaka 1865 kwa ajili ya simu za upepo za waya, wakakubaliana kanuni. Hakuna kituo cha kurusha matangazo bila leseni ya serikali ya nchi yake, na chombo kinachoelea chenye redio ni kituo, hata kama kituo chenyewe ni boti ya mjomba iliyojaa kuku. Hapa Tanzania mwenye masafa ni TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na vyombo vyenyewe viko chini ya TASAC.

"Simu za upepo za waya ndiyo nini?" nikauliza, mimi mwalimu wa jiografia.

"Telegrafu, baba. Nimekurahisishia."

Kapteni akacheka. Akasema yeye amefanya kazi na Mmarekani miaka tisa, na Mmarekani alimwambia kwa mdomo wake kwamba kwao boti ndogo ya starehe haihitaji leseni ya redio. Na ni kweli! Wakili mwenyewe alikiri. Tangu mwaka 1996 Marekani iliwaondolea wenye boti za kujifurahisha zisizofika mita 20 sharti la leseni. "Unaona?" Kapteni akapiga meza, bakuli la mchuzi likaruka. Wakili akasubiri mchuzi utulie. "Mjomba, soma mstari unaofuata. Ni wakiwa majini kwao. Wakienda bandari ya nchi nyingine, hata Kanada hapo, au Meksiko, leseni ya boti inadaiwa na kibali cha anayeongea kinadaiwa. Na hapa si Marekani."

Mimi nililielewa haraka kwa mfano wangu wa taulo. Ukiwa nyumbani kwako unaweza kutembea na taulo. Ukienda kwa jirani, vaa shati. Nilipousema mfano huu Spika alicheka mpaka akapaliwa, kwa kuwa mwaka 2019 niliwahi kumkimbiza mbuzi wetu nikiwa na taulo hadi karibu na kituo cha mabasi, na taulo halikufika. Hiyo habari nyingine, wala usiniulize.

Lakini neno "nchi nyingine" lilikuwa limemwingia RTD. Kumbe dada yake mkubwa ameolewa Moba, ng'ambo ya ziwa, Kongo, na mjukuu wa dada huyo alikuwa anaolewa mwisho wa mwezi. Watu wa Karema na Moba ni ndugu tangu kabla ya hayo mataifa mawili kuwa na majina hayo. "Boti ipo, nahodha yupo," akasema RTD. "Tunakwenda." Spika akaunga mkono hoja. Mjadala ukafungwa kabla sijanyoosha mkono.

Nilijaribu kuingia kwa mlango wa kitaaluma. Nikawaambia Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673, kina chake kinafika mita 1,470, duniani linazidiwa kina na Baikal peke yake, na linagawanywa na nchi nne. Kutoka Karema hadi Moba ni kilomita 70 na ushee za maji matupu, na katikati hakuna kibao kinachosema karibu Kongo. Unashtukia tu wewe ni mgeni, na redio yako nayo ni mgeni. Kifurushi akauliza kama samaki nao wanaonyesha vitambulisho. Hilo ndilo swali pekee nililoulizwa.

Wakili akachukua migebuka watatu waliokaangwa, akawapanga pembeni ya sahani. Huyu wa kwanza, leseni ya redio ya boti, inatolewa na nchi ambako boti imesajiliwa. Huyu wa pili, cheti cha mtu anayeongea, kwa kuwa boti kuwa na leseni hakumpi kila mwenye mdomo ruhusa. Huyu wa tatu, masharti ya nchi unayoingia, maana maafisa wa kule wana haki ya kudai uwaonyeshe leseni na cheti. Alipogeuka kunywa maji, Kifurushi akala cheti cha mtu anayeongea. Akabaki na mfupa mdomoni.

Leseni nayo ikaleta ugomvi mpya: boti lazima iwe na jina. Tena boti yenye redio kubwa hupewa na namba yake ya tarakimu tisa, kama ya simu, ambayo mwanzo wake unaonyesha nchi. Za kwetu huanza na 674 au 677, za Kongo 676, yaani hata namba zimekaa jirani kama vijiji. RTD alitaka boti iitwe jina la marehemu mume wake. Spika alitaka "Mungu Mkubwa." Mimi nilipendekeza "Deni," nikanyang'anywa nafasi ya kuchangia.

Kapteni akaja na lake, na hapa msaliti ni mimi, kwa kuwa nilimhadithia mwenyewe. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipofika ziwani kwetu, Wajerumani ndio waliokuwa wakilitawala kwa meli zao. Waingereza wakaleta boti mbili ndogo za injini kutoka kwao hadi Afrika Kusini, wakazipandisha kwa treni, wakazikokota porini kwa matrekta ya mvuke na maksai, wakaziingiza ziwani upande wa Kongo mwishoni mwa 1915. Mkuu wao, Spicer-Simson, alitaka kuziita Paka na Mbwa. Wakubwa London wakakataa. Akaziita Mimi na Toutou, kwa mtindo wa Kifaransa, paka na mbwa vilevile. Na vijiboti hivyo vikateka meli moja ya Kijerumani na kuzamisha nyingine. Ile kubwa, Graf von Goetzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916. Ikaibuliwa 1924, na ndiyo MV Liemba yetu.

"Basi ni Mimi," akasema Kapteni. "Boti inaitwa Mimi." Akaenda kutafuta rangi.

Mwenzangu, umeshaona shimo lilipo? Ukiwa hatarini majini, utaratibu wa chaneli 16 ni huu: unasema "Mayday" mara tatu, kisha "hapa ni," kisha jina la chombo mara tatu. Neno lenyewe limetokana na Kifaransa, ni kama kusema nisaidieni. RTD alifurahi kusikia hivyo, akasema basi kule Moba wataelewa. Jumamosi ikapangwa mazoezi. Redio hazikuwashwa, Wakili alisimamia, ikawa ni kupaza sauti tu: RTD ndani ya boti uani, Kapteni nyuma ya banda la mbuzi akijifanya bandari.

"Mayday, Mayday, Mayday! Hapa ni Mimi, Mimi, Mimi!"

"Wewe nani?" ikauliza bandari.

"Mimi!"

"Mimi nani?"

"Mimi, we mtoto, hunijui? Niliyekuzaa!"

Wakili akaingilia kwamba afadhali wataje herufi moja moja, kwa zile herufi za kimataifa, Alfa, Bravo, Charlie. RTD akasema hao hawajui wala ukoo wao haujui. Akatengeneza zake: M ya Mihogo, I ya Ini, M ya Mihogo tena, I ya Ini jingine. Kapteni akanukuu kwenye karatasi: bandari imepokea taarifa kwamba mihogo inazama na maini. RTD akakasirika, akapandisha sauti ya taifa: "Tunazama! Tuko watu sita! Maji yamefika kiunoni!"

Dakika tatu baadaye uani palikuwa na mjumbe wa mtaa, vijana wawili na ngazi, na mama mmoja amebeba kamba ya kisima. Nikasimama mbele yao na kikombe cha chai nikitafuta maneno ya kueleza kwa nini bibi wa watu anazama Makanyagio wakati wa kiangazi. Wakili akaninong'oneza kwamba tungewasha redio, huo ungekuwa wito wa uongo wa hatari, na hilo ni kosa kila mahali. Sikuhitaji kuambiwa.

Nisiwe mnafiki lakini, kanuni hizi zina mizizi. Usiku wa Titanic, Aprili 1912, meli iliyokuwa karibu kuliko zote, Californian, haikusikia wito kwa sababu mtu wake wa redio alikuwa peke yake na alikuwa amezima akaenda kulala. Baada ya hapo ndipo dunia ilipoanza kuandika sheria za nani awe macho na asikilize nini. Nilipowasomea habari hii RTD alitikisa kichwa kwa huruma. "Mtu mzima analala saa tano usiku," akasema.

Makaratasi hayakuwahi. Ofisi ya kanda ya TCRA iko Mbeya, na basi la Mbeya kupitia Sumbawanga linakula siku nzima. Cheti nacho kinataka mtu asome, na Chuo cha Bahari kiko Dar es Salaam. Kapteni alikuwa na wiki tatu za kuanza. Alizitumia kupaka rangi. Kwa hiyo tulipoteremka Karema na lori, boti ilikuwa imeandikwa MIMI ubavuni kwa herufi nyekundu, na hiyo ndiyo ilikuwa karatasi yake pekee.

Karema ni mahali pa kuheshimu. Wabelgiji walijenga ngome yao pale mwaka 1879, wakawaachia Mapadri Weupe mwaka 1885, na ziwa nalo likarudi nyuma taratibu likaiacha ngome juu huko kama mzee aliyesahaulika kwenye harusi. Siku hizi kuna bandari mpya. Tukasimama mchangani, vumbi limetufanya wote rangi moja, Kifurushi ametapika mara nne na ana njaa.

Akaja kijana mmoja wa pale bandarini, nadhifu, akamwamkia RTD kwanza. Akaizunguka boti. Imesajiliwa? Kapteni akatazama ziwa. Jaketi okozi? Mbili. Redio ina leseni? Nani ana cheti? Kapteni akaanza habari za Mmarekani. Kijana akasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, akasema, "Kaka, huyo Mmarekani angefika hapa ningemuuliza vilevile." Kisha akaishika ile redio, akaigeuza, akasema kitu ambacho wiki zote hizo hakuna aliyekifikiria. Hii ina wati tano. Inaona kama jicho linavyoona. Kutoka boti ndogo kwenda boti ndogo, kilomita nane, kumi ukibahatika. Mkishapita hapo mtabaki na kilomita hamsini hivi za kuongea na samaki.

Kimya. Hata RTD.

"Na hati zenu za kusafiria?" akauliza kijana.

Hapo ndipo nilipotamani ardhi ya Karema inimeze. Wiki tatu za leseni, za majina, za Mihogo na Ini, na hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba binadamu naye huvuka mpaka kwa karatasi. Spika alinitazama. Mimi nilimtazama Kapteni. Kapteni aliendelea na ziwa.

RTD akafungua fundo la khanga. Akatoa hati yake ya kusafiria, haina hata mkunjo. Akatoa kadi ya njano ya chanjo. Akatoa na nauli, imehesabiwa. "Nilikwenda Uhamiaji siku ile ile ilipokuja hii boti," akasema. "Ninamjua mwanangu."

Asubuhi ya kesho yake akapanda boti kubwa ya mbao ya wafanyabiashara, pamoja na magunia ya mchele, amevaa jaketi okozi juu ya kitenge cha sherehe. Hakuchukua redio. Hakuihitaji: boti ikiwa imeshakuwa ndogo kama kokwa ya embe bado tulisikia anamweleza nahodha namna ya kushika usukani. Sisi tuliobaki tulikaa mchangani siku mbili tukila migebuka. Kwa kweli ilikuwa likizo nzuri kuliko zote nilizowahi kupata tangu nioe, na nilifanya kosa la kusema hivyo kwa sauti.

Boti imerudi uani. Kuku amerejea kutaga pale pale. Kapteni yuko kwenye mchakato, neno lake hilo, na fomu ziko juu ya kabati chini ya chungu cha chumvi. Wakili alitoa betri za redio zote mbili akazifungia kwenye sanduku lake la shule mpaka leseni itoke, na ufunguo anatembea nao.

RTD alirudi baada ya wiki tatu na vitenge saba na habari za jimbo zima. Alikuta redio yake rafuni haina betri, akaambiwa sababu, akakubali. Usiku huo nilikuwa nimeshalala. Nikasikia kitufe kinabonyezwa upande wa pili wa ukuta, tik.

"Mkwe, mkwe, mkwe. Hapa ni Mimi, Mimi, Mimi. Chai ya tangawizi. Ova."

Nikatafuta kandambili gizani. "Nimekupata, mama. Ova."